Makopo ya Mwaka wa Kwanza

Walimu wenzangu, na hasa wewe Chantal uliyepokea ufunguo wangu Ijumaa, mliniomba niandike kazi ya mize jinsi nilivyoifanya. Nimekubali, lakini mvumilie mwandiko. Masomo yangu yaliishia mwaka wa tano, na hayakuishia kwa kosa langu. Nitataja majina. Walionitendea mema nitawataja, na waliotenda mabaya nitawataja pia, maana miaka yote hii nimesikia watu wazima wakisema "makosa yalifanyika", kana kwamba makosa yalikuja yenyewe kwa basi.

Watu wananiuliza kwa nini napumzika na miaka hamsini sijaifikisha. Ni mgongo. Daktari aliangalia picha, akaniangalia mimi, akaniuliza nilikuwa nabeba nini. Nikamwambia nilikuwa nabeba programu ya masomo. Hakucheka.

Kwa wageni: mize ni kile chumba cha nyuma, kati ya ofisi ya direkta na kalasi ya mwaka wa pili, ambamo vinakaa vitu vya kufundishia. Mmekiona. Mizani ya mbao yenye vifuniko viwili vya majarini, chupa ya lita, mnyororo wa mita kumi, saa ya karton isiyo na mashine, fuvu la mbuzi, jiwe la malakiti, kipande cha shaba, vijiti vilivyofungwa kumi kumi kwa mpira wa baiskeli. Na makopo. Makopo ndiyo yaliyonikalisha macho, na ndiyo sababu naandika. Nasikia chumba kinatafutwa tena, safari hii kwa ajili ya kompyuta. Kabla mgongo haujanilaza kabisa, nataka kujua kama makopo yatabaki.

Nianze pale nilipoanzia. Sisi ni watu wa Kasai kwa upande wa babu. Babu aliletwa na kazi za migodi, baba alizaliwa hapa Likasi, na mimi nilizaliwa hapa. Mwaka ule watu wa Kasai tulipofukuzwa Katanga, hesabu hiyo haikumsaidia mtu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Aliyewaonyesha vijana waliotufukuza mlango wetu ni Kalenga Donatien, jirani wa ukuta mmoja, ambaye mama alikuwa akimwazima kinu. Namtaja kwa sababu amekufa juzi juzi, na watu walisimama kwenye kaburi lake wakasema hakuwahi kumdhuru mtu.

Tulilala gare kwa miezi, sisi na wengine wengi, tukingojea treni. Mimi ni Mbuyi. Wanaojua majina ya kwetu wanajua kwamba Mbuyi ni pacha wa kwanza, na mara ya kwanza wakinisikia wanauliza, "Na Kabanga yuko wapi?" Kabanga alikufa pale gare, kwa surua. Nimejibu swali hilo maisha yangu yote, kwa hiyo hapa nalijibu mara moja tu.

Masere mmoja, mtawa wa shule hii, alikuwa akituletea watoto uji katika ndoo. Jina lake Masere Godeliva, Msanga wa huku huku, mfupi, mwenye viatu vya kiume. Siku za kwanza uji ulikuwa vita. Siku moja alikuta nimewapanga watoto kumi kumi, kila kumi na kiongozi wao, wamekaa chini.

"Weye, nani alikufundisha hii?" akaniuliza.

"Hakuna muntu, Masere. Kama sibapange kumi kumi, bakubwa banakula mara mbili, badogo banalala na njaa."

Treni ilipofika mimi nilikuwa na homa, na mgonjwa katika mabehewa yale hakuwa na hakika ya kufika. Mama aliniacha kwa Masere. Barua moja ilikuja kutoka Kasai, kisha hakuna nyingine.

Hivyo ndivyo nilivyoingia kazini. Siku ya kwanza nilipewa ufagio. Siku ya pili Masere Godeliva alinifungulia mize na kuniuliza, "Na weye umeleta nini?" Sikuelewa. Akanionyesha rafu. Palikuwa na makopo ya maziwa ya unga na ya tomati, kila moja lina jina la mtoto.

Desturi ilikuwa yake, na ndiyo hii mnayoifuata hadi leo. Kila mtoto wa mwaka wa kwanza, siku ya kwanza, analeta vitu kumi kutoka kwao. Vitu vya kazi ya kwao. Mtoto wa mkulima analeta mbegu za mahindi, mtoto wa mvuvi analeta vyelea vya nyavu, wa fundi baiskeli analeta spoku, wa karani analeta vibanio vya karatasi. Ndivyo vitu atakavyohesabia mwaka mzima. Kisha kopo linabaki katika mize hadi mtoto amalize mwaka wa sita, na siku ya proklamasio, majina yanaposomwa mbele ya wazazi, anarudishiwa. Lakini halichukui hivi hivi. Anahesabu kwanza vitu vyake mbele ya watu, moja hadi kumi, mtu mkubwa mzima wa miaka kumi na miwili, huku akiona haya. Wazazi hulia pale, si kwenye pointi za mtihani.

Mimi sikuwa na kwetu. Masere akanipeleka kwa mguu hadi gare, nikaokota mawe kumi ya relini, yale madogo yenye ncha. Akayatia kwenye kopo, akaandika Mbuyi.

Njia yake ya kufundisha ilikuwa fupi, na naiandika hapa kwa sababu sasa inaandikwa kwa kurasa arobaini. Kwanza kitu mkononi. Kisha picha ya kitu. Kisha, mwisho kabisa, alama yake. Mtoto hapewi saba ya kuandika kabla hajashika vitu saba na kuvichora. Na yote hayo kwa Kiswahili, lugha ambayo mama yake anamgombeza nayo. Kifaransa kinaingia polepole kwa mdomo, kwa nyimbo na salamu, hadi mwaka wa tatu kinapopewa daftari. "Mutoto akijua saba ni nini," alikuwa akisema, "unaweza kumupatia majina yake yote."

Kazi yangu ilikuwa hivi. Kila jioni walimu waliniachia kijikaratasi: kesho nahitaji hiki na hiki. Asubuhi, wakati wao wapo kwenye mazungumzo ya maadili ambayo kila kalasi huanza nayo, mimi natandika vitu mezani. Baada ya miaka mitatu sikuhitaji vijikaratasi tena. Nilijua kwamba mwezi wa kumi na moja ukianza wanahitaji vijiti hadi kumi, na kwamba mvua zikikolea mwaka wa nne watataka mnyororo wa mita na watarudi nao una matope. Programu nzima ya miaka sita niliisoma hivyo, kwa mikono. Hakuna aliyenipa cheti chake, na sikuomba.

Mwalimu wa mwaka wa kwanza alikuwa Ilunga Félicien, mwalimu bora niliyemwona, na nasema hivyo nikijua nitakayoandika mbele. Alikuwa na koti moja la kijivu ambalo chaki ililifanya jeupe. Siku moja alichukua maharage katika mize kwa somo la kuota kwa mbegu. Sasa, maharage ya kuhesabia mimi huyakaanga kidogo, ili wadudu wasiyaingie. Hakuniuliza, nami sikumwona akichukua. Walipanda katika pamba yenye maji, kalasi nzima, wakasubiri. Wiki moja hakuna. Wiki ya pili akafanya mazungumzo ya maadili matatu mfululizo juu ya uvumilivu. Ya nne yalikuwa juu ya imani. Ndipo nikapita na ufagio.

"Mwalimu, haya maharage mulitosha wapi?"

"Ku mize."

"Ya kopo kubwa?"

"Njo ile."

"Mwalimu, yale niliyakaanga. Ata Bwana Yesu hawezi kuyaotesha, labda Mama Maria amuombe sana."

Alikaa chini kwenye kiti cha mtoto akacheka hadi akakohoa. Kisha akawaambia watoto ukweli, na hilo likawa somo: kilichopikwa hakioti. Chantal, kopo la mbegu hai ni lile lenye utepe mwekundu. Usisahau.

Kulikuwa na kesi ngumu pia. Baba Kasweka wa Shituru, anayefanya kazi kiwandani, mtoto wake alileta nati kumi mpya, nzito, zinang'aa. Nzuri sana kwa kuhesabia. Siku ya tatu baba mwenyewe alikuja mbio na nguo za kazi.

"Mama Mbuyi, samahani sana. Ile nati ya mutoto... banaitafuta kule."

"Nani anaitafuta?"

"Mashini," akasema, akaangalia chini. "Imesimama tangu asubuhi."

Nilimpa nati zake. Mtoto alihesabia vizibo vya bia mwaka mzima, navyo pia ni kazi ya baba, kwa namna fulani.

Masere Godeliva alizeeka, akapelekwa kwenye nyumba ya masere wazee, akafa huko kwa utulivu. Kwa miaka kadhaa njia yake ilienda bila yeye. Kisha, miaka tisa iliyopita, akaja Direkta Mutombo Symphorien.

Sitasema alikuwa mwizi, hakuwa. Alikuwa msafi, anawahi, anajua jina la kila mwalimu. Lakini karibu yetu ilikuwa imefunguliwa shule ya mtu binafsi, watoto wanavaa tai, wanasema Kifaransa tangu siku ya kwanza, na wazazi wetu walianza kuja mlangoni wakiuliza, "Mutoto yangu ameandika nini leo?" Daftari tupu liliwatisha. Direkta naye akaogopa. Uoga wake naufahamu. Alichofanya nao ndicho ninachomshtakia.

Alinifuata akanikuta ndani ya mize.

"Mama Mbuyi, bazazi banaleta batoto yabo basome. Habaleti batoto bacheze na makopo."

"Direkta, habachezi. Banahesabu."

"Banahesabu miezi mitatu! Kule kwa jirani banaandika hadi mia." Akashika kopo moja, akalitikisa. "Hii ni nini? Ni takataka. Inspekta anakuja. Nusu ya chumba natia mashini ya fotokopi. Rafu ya mulango itoke leo."

Rafu ya mlangoni ilikuwa ya mwaka wa kwanza. Makopo sitini na mawili, wiki sita tangu watoto wayalete. Nilimwendea Mwalimu Félicien, nikamwambia, wanaotupwa ni watoto wako, sema kitu. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja apumzike. Aliangalia koti lake, akasema, "Mama, acha tu."

Makopo hayo yalipakiwa kwenye burweti, ile ya gurudumu moja ya kubebea mchanga, yakapelekwa shimoni nyuma ya vyoo. Safari nne. Aliyesukuma burweti ni mimi. Nilikuwa na watoto watatu nyumbani, na nilikuwa nimewahi kufukuzwa mara moja maishani. Naandika hivi ili msije mkasema Mama Mbuyi alitaja wote akajiruka.

Kisha direkta akaagiza kazi ya pili, ambayo nilidhani ni nzuri. Vitu vilivyobaki vibandikwe kwenye ubao mkubwa wa mbao, vipangwe vizuri, kila kimoja na jina lake kwa Kifaransa. Vijiti, vizibo, mbegu, hata jiwe la malakiti. Nilitumia gundi ya maseremala. Ulitundikwa mwaka wa kwanza, ukapendeza. Watoto walisimama mbele yake mikono nyuma, wakasoma majina. Hakuna kilichopotea wala kuchafuka tena. Na mimi, mjinga, nikapumzika kidogo.

Inspekta alikuja baada ya Pasaka, mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi. Walimu wote waliitwa kwenye kalasi ya mwaka wa kwanza, na mimi nikasimama mlangoni. Aliusifu ubao. Aliandika 7 na kuuliza. Kalasi nzima ikapiga kelele kwa Kifaransa, "Sept!" Direkta akatabasamu. Kisha inspekta akamwita msichana mmoja wa mbele, Mwadi, na kusema kwa Kiswahili:

"Mutoto, kuya hapa. Nenda pale ku ubao, uniletee vijiti saba."

Mwadi alienda. Akavuta kijiti. Hakikutoka. Akavuta kingine. Akageuka kutuangalia.

"Imebandikwa, Musie Inspekta," akasema direkta. "Ni kwa kuona."

"Haizuru." Inspekta akafungua boksi ya chaki na kuiweka mezani. "Mutoto, tosha chaki saba mu boksi, unipe."

Mwadi akachukua chaki moja. Akaenda kwenye ubao wa chaki akaandika 7, nzuri, na mkato wake katikati. Watoto wakapiga makofi. Inspekta hakupiga.

"Vizuri. Sasa nipe saba."

Akaandika 7 nyingine. Aliposikia hakuna makofi, akaandika ya tatu, kubwa zaidi, na machozi yakaanza.

Inspekta akavua miwani. "Nani alibandika vile vitu?"

"Ni mama wa usafi," akasema direkta haraka. "Haijasoma sana, Musie Inspekta." Mwalimu Bijou wa mwaka wa nne akacheka. Bijou, unajua ni wewe, na bado tunasalimiana.

Nilikuwa nimenyamaza mara moja, na nilijua uzito wake, ni safari nne za burweti. Nikasema, "Ni minye nilibandika. Direkta njo aliagiza. Na makopo ya hawa batoto, sitini na mbili, minye njo nilitupa ku shimo. Yeye aliagiza, minye nilisukuma."

Direkta akafungua mdomo. Kabla hajasema, Mwalimu Félicien akainuka katika koti lake jeupe. "Na minye nilinyamaza," akasema, akakaa.

Inspekta akaniuliza tu, "Kisu kiko?"

Nilileta cha jikoni. Nikang'oa vijiti mbele yao wote, gundi ikilia, vingine vikivunjika. Nikaviweka mezani mbele ya Mwadi. Akachukua kimoja, akasema moja. Akaenda hadi sita, akasimama, akaniangalia mimi. Sikumsaidia. Masere Godeliva hakuwa akisaidia pale. Mkono wa Mwadi ulizunguka juu ya meza kama unatafuta taa, kisha ukashika.

"Saba," akasema, taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa kitu nyuma ya pazia.

Inspekta aliandika katika kitabu chake vitu virudishwe mikononi. Vilirudishwa. Direkta Mutombo alihamishwa baada ya mwaka, kwenda mahali pakubwa zaidi, na mambo ya kupanda cheo si mada yangu. Mimi niliingia shimoni siku ile ile ya inspekta. Mgongo wangu ulianzia hapo, kama daktari bado anataka kujua. Nilipata makopo thelathini na tisa, nikayatia kwenye gunia. Majina yalikuwa ya karatasi, na mvua ilikuwa imeyala yote.

Miaka mitano ikapita. Proklamasio ya kalasi ile ilifika, majina yakasomwa, na hakuna mtoto aliyeitwa kuhesabu. Baadaye Mwadi akaja mlangoni pa mize, mrefu kunizidi.

"Mama Mbuyi, yangu iko wapi?"

Nikamwambia yote, kama nilivyowaambia ninyi. Alisikiliza.

"Ilikuwa vifungo," akasema. "Mama alikuwa anashona. Mama haiko tena."

Nikashusha gunia. Tukafungua kopo baada ya kopo sakafuni. Mawili yalikuwa na vifungo, yote yameshika kutu. Aliyamwaga, akageuzageuza vifungo, kisha akashika moja. "Ni hii," akasema. Sijui kama alijua. Akahesabu, bila mtu wa kumtazama isipokuwa mimi. Vilikuwa vinane. Alihesabu tena, vikawa vinane, akafunika kopo akaondoka nalo.

Tangu siku hiyo majina nayachora kwa msumari kwenye bati lenyewe. Inachukua dakika tano kwa kopo. Chantal, usimruhusu mtu akuletee etiketi za karatasi, hata zikiwa nzuri.

Ijumaa mlinifanyia soda na pagne ya kitenge, nikashukuru. Kisha Chantal, wewe na ujanja wako, ukasimama kama direkta siku ya proklamasio, ukasoma kwa sauti: "Mbuyi. Mwaka wa sita. Amepita." Walimu wakapiga makofi, na ukanitolea kopo langu. Nilijua lipo, nimelipangusa vumbi miaka yote, lakini hakuna aliyewahi kuniita nilichukue.

"Hesabu, Mama," ukasema. "Bila kuhesabu haitoki."

Nikahesabu. Mawe kumi ya relini. Kwenye la pili nilikawia kidogo kulitoa, mkadhani ni mgongo.

Kopo hilo sikuenda nalo. Mlidhani nimesahau, mkanifuata hadi njiani. Sikusahau. Makopo ishirini na matatu hayakupatikana hadi leo, na wenyewe wanatembea hapa hapa Likasi. Siwezi kuchukua la kwangu zima mbele yao. Nimeliweka kwenye rafu ya mlangoni, mwanzoni kabisa, pale mkono unapogusa kwanza mtu akiingia. Siku watakayokuja kutafuta nafasi ya kompyuta, na burweti ikasimama mlangoni, wataanza na hilo. Jina limechorwa kwa msumari. Atakayelisukuma atalisoma kwanza, na mimi nakaa karibu, Chantal. Tuma mtu aniite. Njia ya shimoni naijua.